Jibu: Mume mmoja tu, na bado yuko hatarini
Dada, umeuliza inakuwaje mwanamke wa Kilatino (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) kule Marekani apate VVU ilhali ana mume mmoja tu. Wengi wao huambukizwa kwa kujamiiana na mwanamume, na uaminifu wa mke haumkingi kama mwenzake ana wengine. Wana desturi iitwayo marianismo: mwanamke mwema awe kama Bikira Maria, mvumilivu, asizungumzie ngono. Akitaja kondomu ataulizwa, "Huniamini, au wewe ndiye unayetoka nje?" Na kama kodi analipa mume, au hana karatasi za ukaazi, atabishana vipi? Inaniuma sana. Ndiyo maana naithamini PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, iliyoidhinishwa huko mwaka 2012: kidonge anameza mwenyewe, bila kumwomba mume ruhusa.