Pumzika kabla hujachoka

Hii naiandika kwa wenzangu tunaofanya biashara kati ya Guangzhou na nyumbani, ila hata kama uko Dar au Nairobi na hujawahi kukanyaga China soma tu, maana uchovu ninaouongelea ni uleule. Adui mkubwa wa ajenti huku, yaani sisi tunaowanunulia na kuwasafirishia mzigo wafanyabiashara wa nyumbani, ni saa. China iko mbele yetu kwa masaa 5, kwahiyo ikigonga saa 5 usiku hapa, Kariakoo ndo kwanza saa 12 jioni, bosi kafunga duka yuko kwenye foleni anarudi nyumbani na hapo ndo anapata utulivu wa kukutumia voisi ndefu kuhusu mzigo, rangi, bei, kontena linaondoka lini. Unamjibu, naye anajibu, inafika saa 8 usiku bado uko macho, na asubuhi saa 3 mwenye kiwanda anakusubiri Foshan, mji wa jirani na Guangzhou, ukakague vigae. Nimewaona vijana wenye nguvu zao wakiishia kuishi kwa kahawa na enaji drinki, usingizi wenyewe ukija hawalali tena vizuri, wanakuwa wakali bila sababu, hela ipo lakini mwili hauko nao.

Mi nilichojifunza nimekipata kwa Wachina watu wazima, hasa mama mmoja jirani yetu, tunamwita Ayi kama wamama wa umri wake wanavyoitwa huku. Kikubwa alichonishikisha ni kwamba mapumziko hayasubiri uchovu. Sisi tunapumzika kazi ikiisha, na kazi ya mzigo haiishi, kwahiyo kupumzika kwenyewe hakupo. Wao wameweka mapumziko ndani ya siku, yana saa yake, uwe umechoka au hujachoka.

Hesabu yenyewe iko hivi. Wachina wanaona kila kitu kina pande mbili zinazopokezana, yin na yang. Mchana ni yang, usiku ni yin, kuhangaika ni yang, kutulia ni yin, na yang ikifika kileleni adhuhuri, hapohapo yin inaanza kuingia taratibu, na usiku wa manane inakuwa kinyume chake. Zamani siku waliigawa vipande 12, kila kipande masaa mawili, na kuna vipande viwili wanaviheshimu sana, saa 5 usiku mpaka saa 7 usiku, na saa 5 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Hapo ndo siku inageuka, kwahiyo mwili nao unatakiwa utulie, usiku ulale fofofo, mchana ujiibie kausingizi kidogo. Kitabu chao cha tiba kinaitwa Huangdi Neijing, kina umri wa miaka kama 2000, na mwanzoni kabisa kinaeleza kwamba watu wa kale waliishi miaka mingi kwa sababu walikula kwa kiasi, walilala na kuamka kwa mpangilio na hawakujichosha ovyo.

Usingizi wa mchana ndo nausisitiza kuliko vyote. Ukienda ofisi ya kiwanda saa 6 na nusu mchana utakuta taa zimezimwa, watu wamekunjua vitanda vyao vya kukunja pembeni ya meza wamelala, na hakuna anayewaona wavivu, wewe uliyekwenda kupiga hodi muda huo ndo unaonekana huna adabu. Na jamani hili si geni kwetu, waislamu tunaijua kailula, na wazee wa pwani walikuwa wanafunga duka mchana wanafungua tena baada ya alasiri, sema maisha ya mjini yametuondolea hiyo tabia tukaona ndo maendeleo. Irudishe. Kula, tembea kidogo chakula kishuke, alafu lala dakika 20 mpaka 30 hivi, usizidishe, maana ukizama lisaa lizima unaamka kichwa kizito na usiku usingizi unagoma. Ayi anasisitiza ufunike tumbo hata kama kuna joto, kwa kanga au shuka nyepesi. Kama huna pa kulala kaa tu kwenye kiti, egemeza kichwa, fumba macho, simu iweke mbali. Hata usipopata usingizi, kule kufumba macho kunasaidia, saa 10 jioni utajiona uko tofauti.

Usiku ndo vita yenyewe. Nilichofanya mimi ni kuongea na wateja wangu wazi kabisa kwamba voisi za baada ya saa 4 usiku za huku nitazijibu asubuhi, na nikiamka alfajiri saa 11 kwao ni saa 6 usiku, kwahiyo wakiamka wanakuta majibu yote yapo, picha zipo, bei ipo. Hakuna aliyenikimbia. Kabla ya kulala naloweka miguu, hii nayo ya Kichina kabisa, beseni la maji ya moto ya kuvumilika, nyuzi kama 40, yapite juu ya kifundo cha mguu, unatupia vipande vya tangawizi, unakaa dakika 15 au 20 mpaka uone kajasho kembamba kwenye paji la uso, hapo unatoa. Wachina wanasema siku nzima ya mawazo inapandisha nguvu kichwani, wao wanaiita qi, na maji ya moto yanairudisha chini. Ukitaka maelezo ya kidaktari, miguu ikipata joto mishipa inafunguka, joto la ndani ya mwili linashuka, na hilo ndo linaita usingizi. Ila mwenye kisukari awe makini sana, miguu yake inaweza isihisi moto akaungua bila kujua, amuombe mtu mwingine apime maji kwa mkono, na mjamzito amuulize daktari wake kwanza.

Chakula sitakwenda mbali. Asubuhi wanakula uji wa mchele, laini, wa moto, tumbo linaamka taratibu, sio kuanza siku na soda ya baridi. Maji ya moto wanakunywa kutwa, kila mtu ana chupa yake ya chai, hata kwenye treni kuna bomba la maji ya moto. Mezani wanasema uinuke ukiwa umeshiba kiasi cha 7 kwenye 10, na mchana hili ndo lina maana sana kwa sababu ukivimbiwa, usingizi wa baada ya chakula unakuchosha badala ya kukupumzisha. Alafu kuna habari ya vyakula vya moto na vya baridi, sio joto la sufuria, ni vinavyofanya mwilini. Ukikesha alafu ukala vya kukaanga na yale matunda ya lychee ya mwezi wa 6 na wa 7 yanayojaa kila kona hapa jimbo la Guangdong, ukaamka na vidonda mdomoni na koo linawasha, watakwambia moto umekupanda. Dawa yao ni liangcha, ile chai nyeusi chungu inayouzwa kila mtaa, au supu ya choroko, hii ya choroko naipenda kwa sababu hata nyumbani choroko zipo, chemsha na sukari kidogo, inywe msimu wa joto. Liangcha yenyewe usiifanye ya kila siku, ni ya baridi, mwenye tumbo dhaifu itamharishia. Kipindi cha baridi, hasa kwa walioko mji wa Yiwu ambako baridi inauma kweli, wanageukia tangawizi na supu ya kondoo, wanalala mapema na wanachelewa kuamka mpaka jua litoke.

Mazoezi nayo wanayafanya ya kuongeza nguvu na sio ya kuzimaliza. Nenda Yuexiu asubuhi, ile bustani kubwa karibu na Xiaobei, utakuta wazee wanacheza taiji, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Taiji inahitaji mwalimu na muda, kwahiyo kwa mtu mwenye haraka namshauri baduanjin, ni mijongeo 8 tu, imekuwepo toka enzi za ufalme wa Song, miaka kama 900 nyuma, kama dakika 12 umemaliza. Wa kwanza unainua mikono miwili juu kama unabeba mbingu, wa pili unavuta upinde kushoto na kulia, wa mwisho unasimama kwa vidole vya miguu alafu unashusha visigino, mara 7. Pumua taratibu, usiharakishe. Mimi nafanya pembeni ya kitanda nikiamka, kabla ya kushika simu, na mgongo uliokuwa unaniuma kwa kubeba sampuli umetulia.

Sasa nisieleweke vibaya. Hiyo ramani ya masaa ya Kichina inaenda mbali inasema saa fulani ni ya ini, saa fulani ni ya mapafu, hilo sayansi haijalithibitisha na mi silitumii kupima ugonjwa. Lakini kwamba mwili una saa yake ya ndani ni kweli, wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha inavyofanya kazi. Kwahiyo kama umelala vizuri wiki kadhaa na bado unachoka ukipanda ngazi, kizunguzungu, kiu isiyoisha, unapungua uzito, usiongeze tangawizi, nenda kapime damu, sukari na presha. Na mizizi na vidonge vya Kichina vya kuongeza nguvu vinavyouzwa mtandaoni bila lebo inayosomeka mi siviungi mkono, hasa kama tayari uko kwenye dozi ya hospitali, maana vinaweza kugongana. Dawa mseto ya malaria tunayomeza nyumbani kiungo chake kimoja kimetokana na mmea wa Kichina, qinghao, ila mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou na wenzake waliuchambua na kuupima kwanza ndipo ukawa dawa. Kama unatumia hivyo vidonge vya Kichina, ukienda kwa daktari mpeleke pakiti yake aione.