Swali la Lugha: Ndege ya magurudumu mangapi?

Mwalimu wa sekondari kutoka Soroti anauliza: "Nawaandalia wanafunzi maelezo kabla hatujaenda kutazama ndege za chuo cha urubani. Nimeandika 'ndege wa magurudumu mawili' kwa ile yenye kagurudumu mkiani, na 'ndege wa magurudumu matatu' kwa ile yenye gurudumu la mbele. Niko sawa?"

Mwalimu, hesabu ndiyo inayokuangusha. Zote mbili zina magurudumu matatu: makuu mawili, na la tatu ambalo ama liko mkiani ama puani. Basi taja mahali, usihesabu. Andika ndege ya gurudumu la mkiani na ndege ya gurudumu la puani. Pua na mkia wa ndege kila mtu anavijua, hatuna haja ya kubuni msamiati.

Tena mahali hapo ndipo penye somo lenyewe. Gurudumu la tatu likiwa mkiani, uzito wa ndege huwa nyuma kidogo ya magurudumu makuu. Ndege ikitua imekaa upande, uzito ule husukuma mkia utake kutangulia, na rubani asipowahi pedali za usukani, ndege huzunguka kama pia palepale uwanjani. Likiwa puani, uzito huwa mbele ya makuu, nao huisaidia ndege kunyooka. Cessna 172, iliyoingia sokoni mwaka 1956, kimsingi ni ile Cessna 170 iliyoondolewa gurudumu la mkiani ikawekewa la puani, na wanafunzi wa urubani wameipenda hadi leo. La mkiani nalo lina watetezi: pua imeinuka, kwa hiyo propela (rafadha, ukipenda la kamusi) iko mbali na mawe ya viwanja vya porini. Ila pua hiyohiyo humziba rubani asione mbele anapotembeza ndege chini, akalazimika kwenda akikata kona huku na huku.

Na marubani wa ndege za gurudumu la mkiani wana namna ya kutua ambayo magurudumu yote matatu hugusa ardhi kwa pamoja. Ukiligeuza "magurudumu matatu" kuwa jina la ile aina nyingine, hapo utawachanganya watoto kabisa.

Sarufi sasa. "Ndege wa" mwachie korongo wa bendera yetu ya Uganda. Huyo anaruka na anatua. Caravan inayopeleka watalii Kidepo ni ndege ya abiria: inaruka, inatua. "Kagurudumu" nakaelewa, maana hiyo ka- tumeizoea kutoka Luganda na jirani zake, lakini Kiswahili sanifu ni kigurudumu, wingi vigurudumu. Na usiandike tairi pote penye gurudumu. Tairi ni ule mpira tu. Fundi akisema tairi la mbele limepasuka, gurudumu lenyewe huenda ni zima.