Robo dola ya Delaware ya 1999: jinsi ya kujua kama unayo ya maana

Mkuu, hilo tangazo ulilotuwekea, kwamba robo dola ya Marekani ya 1999 ya jimbo la Delaware, yenye mpanda farasi, "ni adimu", ni la kuvutia wateja tu. Zilitoka 774,824,000: kiwanda cha Philadelphia 373,400,000 (alama P), cha Denver 401,424,000 (alama D). Alama iko upande wa kichwa, kulia, karibu na kisogo cha Washington. P au D iliyozunguka mitaani ni senti 25, basi.

Wanachotafuta wakusanyaji ni "farasi anayetema mate". Chuma cha kugongea kilipata ufa, madini yakapenya kwenye ufa huo wakati wa kugonga, na mstari ukatokea mdomoni mwa farasi. Chukua lenzi, inamisha sarafu chini ya taa. Mstari wa ufa huwa umeinuka juu ya uso wa sarafu. Ukiwa umezama ndani, huo ni mkwaruzo, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Hata ukiupata wa kweli, usitegemee utajiri. Ni nyongeza ya wastani, tena kama sarafu haijachakaa.

Ukiona alama S, hiyo ni ya kiwanda cha San Francisco, ya seti za wakusanyaji, inang'aa kama kioo. Zipo za aina mbili, kwa hiyo tazama ukingo. Wenye utepe mwekundu katikati ni shaba iliyovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, gramu 5.67. Mweupe mtupu ni madini ya fedha asilimia 90, gramu 6.25. Mizani ndogo ya sonara inamaliza ubishi. Iliyopakwa dhahabu au rangi ilipakwa na wafanyabiashara baada ya kutoka kiwandani, na wakusanyaji huihesabu kama iliyoharibiwa. Wala usiisugue kwa dawa ya meno: mikwaruzo ile midogo haifutiki.

Uliuliza pia mpanda farasi ni nani. Ni Caesar Rodney, mjumbe wa tatu wa Delaware katika bunge la makoloni lililokutana Philadelphia. Julai 1776 wenzake wawili walipingana kuhusu uhuru kutoka Uingereza: McKean anautaka, Read hautaki. Rodney, mgonjwa wa pumu na saratani ya uso, alisafiri usiku kucha kama kilomita 130 hadi Philadelphia, kura yake ikaamua. Sarafu hii ilifungua mfululizo wa robo dola za majimbo 50 kwa sababu zilitolewa kwa mpangilio wa majimbo kuidhinisha Katiba ya Marekani na kujiunga na Muungano, na Delaware, jimbo la kaunti tatu tu, liliidhinisha la kwanza, 7 Desemba 1787. Tarehe hiyo imeandikwa hadi kwenye bendera yao.

Kama unataka Delaware yenye uzito kweli, tafuta nusu dola ya fedha ya ukumbusho wa walowezi wa Kiswidi: gramu 12.5, upande mmoja kanisa la kale la Wilmington, wa pili Kalmar Nyckel, meli iliyowaleta walowezi hao. Ziligongwa zaidi kidogo ya 25,000, zisizouzwa zikayeyushwa, zikabaki 20,993. Miaka yake inachanganya: 1936 chini ya kanisa, 1638 na 1938 upande wa meli, ilhali iligongwa 1937. Muuzaji akikwambia ni sarafu ya 1638, mrudishie taratibu uondoke.