Mtu hajarudi kutoka msitu wa Elgon: kijiji kianzie wapi?

Ndugu, umeuliza hivi: mtu kapanda msitu wa Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, asubuhi kutafuta malewa (machipukizi ya mianzi), jua limezama hajarudi, na vijana hamsini wamesimama njiani na tochi na mapanga. Waanzie wapi? Waanze kwa kubaki chini. Najua inauma, mama yake yuko pale anawatazama. Lakini umati ukishapita, nyayo zake zimekwisha, na nyayo ndizo zingewaonyesha kama alikata kulia kwenye mianzi au alifuata kijito.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, apige simu polisi, 999 au 112, na kituo cha UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) kilicho karibu. Ndani ya mpaka wa hifadhi msiingie bila renja, askari wa hifadhi: kundi lenye mapanga usiku linaweza kudhaniwa ni majangili. Hapa familia nyingine huficha alikokwenda mtu wao kwa kuogopa kesi. Wabembelezeni waseme ukweli, kwa sababu mkitumwa bonde lisilo lake usiku mzima umepotea.

Mtu mmoja ashike daftari aulize: alionekana wapi mwisho, saa ngapi, kavaa nini, kiatu gani, anatumia dawa gani, simu yake ina chaji? Aulize pia kama aliondoka na ugomvi au huzuni. Ni swali gumu, ila mtu aliyetaka kujitenga huenda asiitikie hata mkimwita kwa jina.

Mahali alipoonekana mwisho pazungushieni kamba. Mkipata unyayo, ufunikeni kwa beseni kabla mvua haijaufuta. Kateni fimbo nyoofu ya mita moja na ushee. Ilazeni kando ya unyayo, mtie alama ya urefu wake kuanzia kwenye ncha. Halafu pimeni hatua, kisigino hadi kisigino, kutoka ncha ileile, mtie alama ya pili. Njia ikipotea, shikilieni alama hiyo ya pili juu ya kisigino cha unyayo wa mwisho na mzungushe ncha ya fimbo polepole upande wa mbele. Unyayo unaofuata utakuwa karibu na pale ncha inapopita. Tochi ishikwe chini, imulike kwa ubavu. Ukimulika kutoka juu kivuli kinafutika, na unyayo ulio mbele ya miguu yako huuoni.

Wakati huohuo watu wawili wawili wakae kwenye kila njia panda, daraja na kivuko, wasiondoke. Vikundi vya watu watatu au wanne, pamoja na renja, vipite haraka kwenye njia, vijito na mapango. Elgon ina mapango mengi na mtu aliyenyeshewa hukimbilia huko. Pigeni filimbi, iteni jina, kisha kila mtu anyamaze dakika nzima. Sauti ya mtu dhaifu humezwa na waokoaji wanaojibizana wenyewe kwa wenyewe.

Kusaka kwa mstari kungoje mapambazuko. Nafasi kati ya mtu na mtu msiikisie. Wekeni begi lenye rangi kama ya nguo zake chini, mrudi nyuma mpaka lisionekane. Kama ni mita 5, msiachane zaidi ya mita 10. Mtu wa pembeni afunge vipande vya kaveera (mfuko wa plastiki) kwenye matawi ili mstari unaofuata uanzie hapo.

Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo aliyelowa anaweza kufa kwa baridi huko juu hata kama mjini Mbale, chini ya mlima, kuna joto. Akiacha kutetemeka, akiongea ovyo au akivua nguo, hali ni mbaya sana. Mvueni nguo mbichi, mlazeni juu ya majani makavu mengi au blanketi, mfunikeni hadi kichwani mkiacha uso, na turubai iwe juu. Chupa za maji ya moto zifungwe kwenye leso ziwekwe kwapani na kifuani. Chai ya sukari apewe kama yuko macho na anameza vizuri. Waragi, ile pombe kali, hapana kabisa, maana hupeleka damu kwenye ngozi na joto la ndani linatoka. Msimsugue mikono na miguu, wala msimtembeze.

Mvua ikiwa imenyesha siku nyingi, kumbukeni maporomoko ya udongo ya Bududa 2010 na 2018, na Bulambuli 2024. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama, au kijito kilichopungua ghafla mvua ikiendelea: ondoeni watu kwenye mteremko huo mara moja, hata kama msako haujaisha.

Sasa waiteni wale hamsini. Machela ni miti miwili imara ya mita 2.5 iliyopitishwa kwenye magunia mawili au matatu yaliyotobolewa pembe za chini. Kwanza mbebeni kijana mzima mwenye uzito kama wake, muone kama gunia linachanika. Wabebaji sita wanachoka ndani ya dakika 10 kwenye tope, kwa hiyo wekeni zamu tatu, na wawili watangulie kukata njia na kutaja mashimo. Kichwa kiwe upande wa juu wa mteremko. Kila aliyepanda awe ameandikwa kwenye daftari, na jina likatwe akishaonekana chini kwa macho, sio kwa kuambiwa yuko nyuma anakuja.