Usimpe komisionere zile sarafu: fomu iwe na jina lako

Mdogo wangu wa Kampemba, simamisha hicho kifurushi. Kama bado kiko kwa huyo komisionere, wakala anayewatumia watu vifurushi pale mjini, kesho asubuhi nenda ukachukue sarafu zako, hata kama umeshamlipa nusu ya pesa. Hiyo nusu mwachie.

Umeandika kwamba babu amekuachia falanga 5 ya Katanga ya 1961, falanga 50 ya fedha ya 1944 yenye tembo, falanga 2 ya pembe sita ya 1943, na falanga 5 ya fedha ya mfalme Leopold II ya 1887. Kuna mtu anakusanya sarafu za watu wengi hapa Lubumbashi, anazipeleka Brussels, Ubelgiji, kwa mwenzake, na huyo mwenzake anazituma kwa kampuni ya Marekani inayokagua sarafu, kuzipa alama na kuzifunga ndani ya kasha la plastiki. Unauliza kampuni gani ni nzuri, uzisafishe kwanza au uziache, itachukua muda gani, na ukizirudisha utaziuza bei gani. Hukuuliza jambo moja tu, nalo ndilo lenye kuamua yote: kwenye ile fomu litaandikwa jina la nani?

Maana kampuni hizo hazimjui mwenye sarafu. Zinamjua mwenye akaunti. Sarafu ikishaingia kwa akaunti ya mtu wa Brussels, machoni pa kampuni ni sarafu ya mtu wa Brussels. Wewe wa Kampemba na babu yako, hampo.

Za kwangu zilipita njia hiyohiyo. Zilikuwa za marehemu baba, alizianza akiwa kijana Kamalondo, mji ukiitwa bado Élisabethville, akiziweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kitambaa juu yake. Komisionere alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba, akanionyesha kwenye simu falanga 5 ya Katanga ndani ya kasha, alama 66 kati ya 70, na bei iliyofikia mnadani. "Yaya," yaani mkubwa wangu, "hii na ile yako ni mapacha," akaniambia. Karatasi zote atajaza yeye, mimi nitoe pesa ya ukaguzi na ya usafiri, kisha nisubiri. Nilimwuliza kuhusu bima. Akasema ipo. Haikuwepo. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi hazitaki kabisa kubeba sarafu, au zinazibeba lakini zinakataa kuzikatia bima, na yeye kama mtu wa kazi hiyo alilijua hilo vizuri. Aliniangalia machoni akasema ipo.

Miezi ikapita. Kila nikimpigia, jibu ni moja: "Wamarekani wanachelewa." Na kweli walichelewa, hilo siwezi kulikataa. Tangu 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona wengi wakaanza kukusanya sarafu, kazi iliwazidi kampuni hizo, vifurushi vikarundikana, na bei ikapanda bila huduma kupanda nayo. Wazee waliotuma zamani wanasema ukiandika barua ulijibiwa na mtu, anakutajia sarafu yako na anaeleza kwa nini imepata alama ile. Siku hizi unajibiwa na mashine. Na ule muda wanaotangaza, siku kadhaa za kazi, hauanzi kifurushi kinapofika mlangoni kwao. Unaanza siku wanapokifungua na kukiingiza kwenye kompyuta. Kati ya mlango na kompyuta sarafu ya mtu inalala, na hakuna anayehesabu.

Nikaamua kuwaandikia mwenyewe. Kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza kwa msaada wa binti ya dada yangu. Mashine ikajibu, ikajibu tena. Mwishowe akajibu mtu, kwa mistari miwili: habari za oda hiyo anapewa mwenye akaunti peke yake, kwa kulinda siri za mteja. Mimi ndiye nilikuwa nalindwa nisijue sarafu za baba ziko wapi! Nikamrudia komisionere, akanituma kwa wa Brussels. Wa Brussels akasema mkataba wake ni na komisionere, mimi hanijui. Kampuni ikasema inamjua wa Brussels. Walikuwa watatu, kila mmoja na mlango wa nyuma wa kutokea, na mimi nikibaki na zile picha mbaya nilizopiga jioni chini ya taa ya njano, ambazo hazionyeshi kitu.

Sasa sikiliza zilivyorudi.

Falanga 50 ya tembo, fedha ya nusu kwa nusu na metali nyingine, gramu 17.5, baba aliipenda kuliko zote. Ilikuwa na rangi ya kijivu iliyotulia, ile inayokuja yenyewe fedha ikikaa miaka mingi bila kuguswa. Ilirudi na mkwaruzo mpya kutoka sikio la tembo mpaka mguu wa mbele, mwembamba kama uzi, mweupe unaong'aa juu ya ule ukijivu. Ukiigeuza karibu na dirisha unauona kabla hujaona tembo mwenyewe. Tena ndani ya kasha, kati ya plastiki na sarafu, kumenaswa unywele mfupi. Nani aliikwaruza? Inaweza kuwa hapa, Brussels, au mezani kwa mkaguzi. Malalamiko yanapokelewa kutoka kwa mwenye akaunti, na ndani ya muda uliowekwa. Mwenye akaunti hakulalamika, kwa nini alalamike? Tembo si wa baba yake.

Falanga 5 ya Katanga ndiyo iliyonimaliza. Unaijua: upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba, ule ambao mababu zetu waliumimina kwenye udongo na kuutumia kama pesa kabla Mzungu hajafika huku. Jina Katanga limeandikwa kwenye sarafu yenyewe, na mwaka ni 1961. Karatasi ndani ya kasha inasema: Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1961! Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Tshombe, mkuu wa jimbo la Katanga, akatangaza Katanga kujitenga tarehe 11 Julai mwaka huohuo, na sarafu hii ilitolewa kwa sababu hiyohiyo, Katanga iwe na pesa yake. Mtu alishika kitu kinachosema KATANGA kwa herufi kubwa, akaandika jina la koloni lililokwisha kufa, mwenzake akapitisha, wa tatu akafunga plastiki. Kosa kama hilo zamani lingekamatwa kabla ya kasha kufungwa, maana kazi ya kukagua maana yake ni hiyo.

Usidhani ni kosa la karatasi tu. Sokoni kuna makasha ya kughushi, kila mnunuzi mwenye akili anajua, kwa hiyo akikuta maandishi hayaendani na sarafu, jambo la kwanza analowaza ni kwamba umefungua kasha ukabadilisha kilichomo, au kasha lenyewe limetengenezwa uchochoroni. Mnunuzi mmoja wa Liège aliyekuwa ameshakubali bei alipoona picha alinyamaza, kisha akaniandikia kwamba hafanyi biashara ya namna hiyo. Mimi! Kwa sarafu ya baba yangu! Bila kasha angeinunua. Niliilipia kasha ili niitwe mwizi.

Kusahihisha? Inawezekana, wanasahihisha. Mwenye akaunti airudishe. Na gharama ya kuitoa Lubumbashi tena mpaka Marekani inaipita bei ya sarafu. Basi iko kabatini mpaka leo ikiitwa Kongo ya Kibelgiji.

Ile falanga 2 ya pembe sita ilirudi bila alama yoyote, imeandikwa tu kwamba ilisafishwa. Hapo walisema kweli, baba alikuwa akiisugua kwa limau na majivu kila Mwaka Mpya, iking'aa anafurahi. Lakini ada ni ileile, upate alama usipate. Na sarafu hizo zilipigwa Philadelphia wakati wa vita, milioni 25. Mtu anayejua kazi yake angeniambia, "Yaya, hii iache nyumbani." Huyu alikuwa analipwa kwa idadi ya vipande, akabeba hata zile za vitundu za senti ambazo watoto walikuwa wakichezea. Hilo sitamsamehe. Kuchelewa ni kwa kampuni, ila kuchukua pesa ya mjane wa watu kwa kipande unachojua hakina soko, huko ni kumwibia mama yangu mchana kweupe. Na bado yuko mjini, bado anapita nyumba kwa nyumba, na naona kwa maelezo yako anatumia hadithi ileile ya mapacha.

Tena kuna wakubwa humu kundini wanaowaambia vijana kwamba sarafu isiyo na kasha ni takataka. Waache. Ile hesabu ya 1 mpaka 70 aliitunga Mmarekani, William Sheldon, mwaka 1949, kwa ajili ya senti za zamani za kwao, na kampuni kubwa za makasha zilianza katika miaka ya 1980. Wabelgiji na Wafaransa, ambao nao hununua sarafu zetu, wamezipima tangu zamani kwa macho na kwa herufi zao, kama TTB (nzuri sana) na SUP (bora zaidi), na wengi bado wanapenda kuishika sarafu yenyewe, waone ukingo wake. Halafu shaba: zile kampuni zinaandika kama sarafu ya shaba bado ni nyekundu, au imeanza kuwa kahawia, au imekuwa kahawia kabisa, na bei inafuata rangi. Soma masharti yao uone dhamana ya rangi inaishia wapi. Sisi watu wa mji wa mukuba, yaani shaba, tutauziwa ahadi kwamba shaba haitabadilika rangi?

Kusafisha: usiguse. Si limau, si majivu, si dawa ya vyombo, si kitambaa kikavu. Na kama ziko kwenye vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka, zitoe leo, baadhi yake huacha utando wa kijani juu ya metali.

Kabla ya yote tafuta mizani ya wauza dhahabu. Ile ya 1887 ikiwa halali inakaribia gramu 25, labda pungufu kidogo kwa kuchakaa, na hiyo ndiyo pekee kati ya zako ambayo ningefikiria kuipeleka kwenye kasha, kwa sababu sarafu kubwa za fedha za Leopold zinaghushiwa na mnunuzi anataka uhakika. Wenye falanga 5 ya Katanga iliyopigwa kwa dhahabu, tofauti na yako ya kawaida, nao wana sababu. Lakini hata hiyo ya 1887, akaunti ifunguliwe kwa jina lako, namba ya oda ije kwenye simu yako, na anwani ya kurudishia uichague wewe. Komisionere atakwambia kutoka Kongo haiwezekani. Kama haiwezekani, sarafu haiendi. Atakwambia ana mkubwa mwenye idhini rasmi ya kampuni. Mwulize huyo mkubwa fomu itakuwa na jina la nani, na asipojibu kwa maandishi, sarafu haiendi. Atakwambia kifurushi kinaondoka Ijumaa na nafasi zimebaki mbili. Kiondoke.

Ukienda kesho usiende peke yako, nenda na mjomba au mtu mzima mwingine wa nyumbani, maana huyo bwana akimwona kijana peke yake anaanza kuhubiri. Mwambie akuhesabie sarafu mezani moja moja, uzipime hapohapo. Akisema zimeshatoka, mdai aandike kwenye karatasi jina kamili la mwenye akaunti, namba ya oda na orodha ya sarafu zako na mwaka wa kila moja, aweke sahihi mbele ya mjomba. Kisha uniandikie hata usiku, binti ya dada yangu bado ana zile barua za Kiingereza na anajua zianzeje.