Watu wa modeli yako hawavuki? Nenda barabarani

Mdogo wangu mmoja anayesoma uhandisi kaniandikia: "Kaka, modeli yangu ya kompyuta ya kivuko cha barabara inanitesa. Magari yanapita vizuri, lakini watu wamesimama tu pembeni." Swali limenigusa, maana tasnifu yangu juu ya jambo hilohilo imepita mwezi huu, na najivunia.

Piga hesabu kwanza. Njia mbili za upande mmoja ni kama mita 7. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, unahitaji karibu sekunde 6. Ongeza 3 za kuangalia na kuondoka, zinakuwa 9. Gari la kilomita 50 kwa saa linakata mita 125 katika muda huo. Jioni pale Buguruni, Dar es Salaam, Barabara ya Mandela, mwanya huo wa sekunde 9 bila gari kwenye njia zote mbili kwa pamoja utautoa wapi?

Watu hawausubiri. Nilimtazama mama mwenye beseni la samaki kichwani. Mkia wa daladala ulipompita tu, akaingia njia ya kwanza, akasimama juu ya mstari. Bodaboda ikapita mbele yake, nyingine mgongoni. Macho yake yalikuwa kwenye tairi za mbele za lori. Zilipopunguza mzunguko, akamaliza, na watu watano nyuma yake.

Niliandika hayo kwenye rasimu. Msimamizi wangu wa wakati huo akaniambia mbele ya wenzangu kwamba kuhesabu wavuka barabara ni kazi ya mgambo. Bado inaniuma. Miezi ya kuandika programu nairuka, haina utamu.

Watafiti Helbing na Molnár walitupa mwaka 1995 modeli ya nguvu za kijamii, inayomchukulia kila mtu kama anavutwa aendako na kusukumwa mbali na wengine, na inaeleza vizuri watu wanavyopishana. Uamuzi wa kushusha mguu lamini ni habari nyingine. Kwa hiyo nenda barabarani. Kisha mpe mtu wa modeli yako ruhusa ya kuvuka njia moja moja. Mpunguzie mwanya anaoukubali kadiri anavyosubiri, na mwache amfuate aliyetangulia. Vijana, acheni kukumbatia namba zilizokuja na programu! Hao mnaowaiga ni mama zetu.

Ukirekodi wavukaji barabarani, andika pia mianya ambayo kila mmoja aliikataa. Aliyekataa sekunde 5 akaja kukubali 4 baada ya kusubiri sana, ndiye atakayekuonyesha subira inavyokwisha. Ukiandika iliyokubaliwa peke yake, huyo humwoni.