Ati "kikifa napakia"? Mkuu, shusha huo mzigo

Usipakie. Umeuliza programu ipi nzuri ya kufuatilia kimbunga, nguvu yake inapimwaje na bima inalipa nini, halafu mwishoni ukatupia kama utani: "mstari wa kimbunga kwenye ramani ukipita mbali na Mtwara, au kikifa, napakia vitunguu." Hapo ndipo nilipotema chai. Maneno hayo hayo niliyasema mimi Mei 2024, yakanila Fuso zima la nyanya.

Kilikuwa Hidaya. (Jina tamu, hidaya. Zawadi niliipata kweli.) Siku tatu nimeganda kwenye simu nalitazama duara jekundu likijongea pwani. Jumamosi tarehe 4 kikaingia Mafia, na baadaye TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakatangaza kimepoteza nguvu. Hawakudanganya: kimbunga kinanyonya nguvu kwenye maji ya uvuguvugu ya bahari, kikipanda nchi kavu kinakata pumzi. Ila dalali wangu, ambaye elimu yake yote ya hali ya hewa ni magrupu ya WhatsApp, akanirushia voisi: "Hidaya kakata roho! Lindi hakuna nyanya, kesho bei unapanga wewe." Nikafungua simu, ramani kijani tupu. Nikapakia matenga 160.

Ramani ile ilikuwa ya upepo, mkuu. Programu nyingi ukizifungua ndiyo inayotangulia, na mimi sikugusa kitufe cha mvua hata mara moja. Upepo ulikufa, mawingu hayakufa nao. Yalikuwa yanamwaga huko kusini. Jumapili tumevuka Daraja la Mkapa vizuri tu, tandiboi anaimba, kukaribia Somanga tunakuta foleni ya malori haina kichwa. Maji yamekata barabara. Sisemi shimo, nasema imekatwa, lami inaning'inia kama ulimi.

Tulilala pale siku tatu. Siku ya pili nyanya zikaanza kulia: maji mekundu yanachuruzika kwenye bodi, nzi wamefanya harusi, dereva wa lori la nyuma akaniuliza kwa upole kama nimebeba nyama. Nilizofikisha Lindi ziliuzwa masalo, yaani nyanya zilizopondeka, na hela yake haikurudisha hata dizeli. Dalali? Simu haipatikani mpaka leo. Akisoma hapa, ajue deni lipo.

Sikatai, kiburi nilikuwa nacho. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilitangazwa, watu wa Mtwara wakahamishwa, kikaenda kuangukia Cabo Delgado huko Msumbiji. Tangu hapo kila tahadhari nilikuwa naicheka.

Na huo mstari unaoutegemea ni njia ya kitovu tu. Mvua inatanda mbali sana nje yake, tena yenyewe haina habari na mstari wa mtu. Kwa hiyo kikishatangazwa kimekufa, hesabu siku nzima ndiyo uanze kufikiria safari, kisha piga simu kwa mtu ambaye macho yake yako barabarani. Simaanishi dalali.

Programu gani... yoyote, alimradi ina kitufe cha mvua. Bima waulize wengine, mimi sikuwa nayo.

Mimi namba ninayoitumia ni ya mama mmoja aliyekuwa anatuuzia chapati pale foleni. Kabla sijafunga turubai nampigia yeye kwanza. Juzi kanijibu: "Huku jua kali mwanangu, njoo. Ila safari hii niletee nyanya nzima."